Chumba cha Heshima

Tarehe 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Usishangae kuona bahasha. Simu ipo, lakini kila tukizungumza kwa simu wewe unaanza na "subiri kwanza", mimi sisubiri, na tunaishia kumpigia Mama kila mmoja kwa wakati wake kumshtaki mwenzake. Tulikuwa tukielewana zaidi ulipokuwa bweni na mimi nyumbani, tukiandikiana. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Orodha imetoka na mimi simo. Nimekimbia mtihani wa utimamu wa mwili pamoja na wanaume, kwa muda uleule wa wanaume, na mkufunzi aliyeshika saa akanipigia saluti ya utani pale mwisho. Wawili niliowaacha nyuma wakitapika kwenye nyasi wamo katika orodha ya waamuzi wa kati wa ligi kuu ya wanaume. Mimi nimerudishwa palepale: kibendera kwenye mechi za wanaume, filimbi kwenye mechi za wanawake. Nikamuuliza katibu wa waamuzi kulikoni. Akasema, "Bado." Bado nini? "Bado tu, mama, haraka ya nini?" Ananiita mama, mtu tuliyesoma naye kozi moja na aliyekuwa akiniomba majibu ya sheria ya kuotea.

Haraka ninayo, Dada. Kwa kanuni zao, umri wangu unaniruhusu kuingizwa kwenye orodha hiyo msimu huu tu. Ukinipita, nitazeeka na kibendera mkononi.

Nitalalamika kwenye Baraza la Usuluhishi wa Michezo. Najua unafanya kazi ofisi ya sheria ya shirikisho hilohilo, kwa hiyo sikuombi unisaidie kesi. Nakuomba unifundishe kufikiri tu, kama ulivyonifundisha kugawanya.

Nikuchekeshe kidogo. Viwanja vyetu vingi vina chumba kimoja cha waamuzi. Wanaume wanabadili humo, mimi nabadili stoo, kati ya nyavu na mashine ya kuchorea mistari ya chaki. Mtunza uwanja mmoja amenitundikia shuka kuukuu na kunipigilia msumari wa shati. Ananiita "mpangaji". Juzi nilitoka kwenda kukagua timu nikiwa na chaki nyuma ya kaptula, nahodha akaniuliza kama nilikuwa nimekalia mstari wa goli. Ajabu ni kwamba sioni vibaya. Mle ndani natulia. Hili nakuandikia wewe tu. Mama akijua atakuja uwanjani na pazia na kiti.

Mdogo wako,
Kipenga

*

Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu Kipenga,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwanza kama dada, kisha kama mwanasheria, na sina hakika ni yupi kati yao anayekujibu. Pengine ndiyo sababu nimechelewa.

Umeniomba nikufundishe kufikiri. Nitakueleza jinsi ninavyofikiri mimi, nawe uone kama inakufaa. Ubaguzi ni nadra kujitambulisha kwa jina lake. Huja umevaa sababu nzuri: usalama, bajeti, utaratibu, hata upendo. Kwa hiyo usibishane na mavazi yake. Kwa kila sababu watakayokupa, uliza swali moja: je, mwanamume angekuwa na shida hiyohiyo, angeondolewa yeye, au ingeondolewa shida? Kama kwa mwanamume wangeiondoa shida, na kwako wanakuondoa wewe pamoja na shida yako, basi hapo ndipo pa kusimama. Sidai kwamba swali hili linamaliza kila kitu. Yapo mazingira ambamo tofauti ni ya haki, na nimewahi kujidanganya pande zote mbili. Lakini ni mahali pa kuanzia.

Andika kwanza kwa shirikisho lenyewe, kwa lugha ya upole, usubiri jibu. Baraza hupenda kuona kwamba mtu aligonga mlango kabla ya kuusukuma.

Kuhusu stoo, nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Shemeji yako aliniuliza kilichonichekesha, sikumwambia. Siri yako iko salama.

Dada yako

*

Tarehe 2 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimegonga mlango, kama ulivyosema. Wamejibu mstari mmoja: "Suala lako linazingatiwa." Basi nimeusukuma. Malalamiko yameshapokelewa barazani, na karani aliyepiga muhuri alinitazama juu hadi chini akauliza, "Wewe ndiye mwamuzi, au umetumwa na mumeo?" Nikamwambia mume mwenyewe sina, labda shirikisho linipangie.

Nimeandika mwenyewe, bila wakili. Swali lako nimelibandika ukutani juu ya kitanda. Wenzangu wa kibendera wananiambia nimejichimbia kaburi, kwamba nitaishia kupangiwa mechi za shule. Mmoja tu, yule mwamuzi mwenye kipara tunayemwita Taa, ameniambia, "Nenda. Mimi nimechoka kusimamiwa na vijana wanaoogopa makocha."

Kuna kitu kimoja nakiwaza. Majibu ya shirikisho ataandika nani hapo ofisini kwenu? Si wewe, hilo najua, hawawezi kumpa mtu kesi ya ndugu yake. Ila nataka kujua ni mtu wa aina gani. Mkali? Mvivu? Niombee awe mvivu.

Kipenga

*

Tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa ufupi wa barua hii, ofisini tumebanwa. Kazi hugawanywa na mkuu wa sheria, na si desturi kuzizungumza nje. Nadhani utanielewa.

Mama analalamika goti, lakini amekataa kwenda kupimwa, anasema daktari atamwambia apunguze uzito na hilo anaweza kuambiwa nyumbani bure. Mpigie.

Nimekuwa nikijiuliza kama mtu na maneno anayoyasema ni kitu kimoja. Mwanasheria huandika hoja ambazo si imani yake, na tunaambiwa hiyo ndiyo heshima ya taaluma: hoja si ya anayeiandika. Niliwahi kuwafundisha wanafunzi hivyo, kwa sauti isiyotetereka. Siku hizi sina uhakika. Lakini haya ni mawazo ya mtu aliyechoka, usiyatie moyoni.

Itunze misuli yako.

Dada yako

*

Tarehe 27 Machi

Dada,

Nimeletewa utetezi wa shirikisho. Umeandikwa vizuri sana. Nilitarajia watasema wanawake hawana mbio, au wanalia mbele ya makocha. Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Hayamo. Kilichomo ni aya ya tisa. Nakunakilia, ingawa nadhani unaijua:

"Mlalamikiwa anatambua kwa masikitiko kwamba mlalamikaji amekuwa akilazimika kubadili mavazi katika stoo ya vifaa, nyuma ya shuka, katika mazingira yasiyolingana na hadhi yake kama mwanamke. Ni kwa kulinda heshima yake, wala si kwa kumbagua, kwamba uteuzi wake umesubirishwa hadi viwanja vitakapokuwa na chumba cha heshima."

Stoo wangeweza kuambiwa na yeyote. Shuka tunalijua mtunza uwanja, mimi na wewe. Mtunza uwanja hajui hata ofisi za shirikisho ziko mtaa gani.

Sina cha kuuliza.

Mwamuzi Daraja la Kwanza

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Ni mimi niliyeandika.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha peke yake kwa sababu kila nililojaribu kuliweka mbele yake lilikuwa kisingizio. Sasa nitakueleza yaliyotokea, nawe uniamulie kipi ni maelezo na kipi ni kisingizio, maana mimi nimeshindwa kuvitenganisha.

Mkuu wa sheria aliniletea faili siku tatu baada ya barua yako ya tarehe 2 Machi. Natumia jina la mume wangu, hakujua. Nilipaswa kusema palepale, "Huyu ni ndugu yangu," na ingechukua muda mfupi kuliko kulifungua lile jalada. Sikusema. Nilijiambia kwamba nikikataa atapewa mwenzangu wa meza ya pili, ambaye alikuwa ameshaanza kukusanya video za mechi ulizokosea. Nilijiambia kwamba mimi nitaandika kwa upole, nitaandika utetezi dhaifu, wewe utashinda na hutajua kamwe. Niliitafuta hoja isiyokutukana. Nikakumbuka stoo.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba mkuu alipoisoma aya ya tisa aliivua miwani, akaisoma tena, akasema mbele ya wote, "Hapa ndipo tulipo. Kwa hoja ya mbio tungeshindwa, kwa hoja ya hasira tungeshindwa. Lakini nani atabishana na heshima?" Nami nilifurahi. Nilihisi joto la kusifiwa shingoni, kama mwanafunzi. Kisha nikaelewa alichokisema: kwamba hoja ya upole ndiyo isiyojibika. Je, nilikuwa nimeandika utetezi dhaifu? Nimejiuliza kila siku, na siwezi kukuapia.

Ulichonipa ukicheka nimekigeuza huruma ya watu wasiokuhurumia. Naona aibu hata kuandika neno "samahani", kwa kuwa ni dogo na linanipa raha.

Niruhusu nisimame siku ya shauri. Nitasema mbele ya wajumbe kwamba mimi ni dada yako na kwamba habari hiyo niliipata kama dada. Watamfukuza aliyeandika, na hilo ni haki.

Dada yako, kama bado nastahili

*

Tarehe 6 Aprili

Dada,

Hapana.

Nilikaa na barua yako nikamwambia Taa habari yake, bila kumtaja mtu, nikasema ni rafiki. Akaniuliza, "Huyo rafiki akisimama, kesi itaendelea siku hiyo?" Nikafikiri. Haitaendelea. Wataahirisha, wataunda jopo jipya, wataandika utetezi mpya, na msimu utafunga orodha nikiwa bado nasubiri machozi yako yakauke. Siku yangu itakuwa siku yako. Watu watatoka pale wakisema, maskini yule mwanasheria.

Aibu yako ibebee nyumbani. Usiilete barazani nikusaidie kuibeba.

Kama unataka kunifanyia kitu, kaa kiti chako, nyuma ya mkuu wako, ukae kimya. Hiyo aya nitaijibu mwenyewe. Ikiisha ndipo useme, na useme nitakapokwambia. Mpaka hapo usiniandikie.

Na Mama nimempigia. Goti limepoa. Ameuliza mbona siku hizi hatushtakiani kwake.

Mwamuzi

*

Tarehe 23 Aprili

Mdogo wangu,

Najua umenikataza. Shauri limesikilizwa, na nimejishawishi kwamba katazo lako lilikuwa la mpaka siku hiyo. Huenda najidanganya tena.

Nilikaa ulipotaka nikae. Ulikuwa umevaa koti la bluu la Mama, mikono umeikunja kidogo, nikajua ni kwa sababu ni mirefu kwako. Mwenyekiti wa jopo alipokuuliza kuhusu stoo, kwa ile sauti ya kuuguza mgonjwa, nilitazama mezani. Ukasema, sina haja ya kunakili, lakini nataka ujue kwamba nilisikia kila neno: "Mheshimiwa, nimebadili nguo stoo misimu yote niliyoshika kibendera. Heshima yangu haikumsumbua mtu nilipokuwa pembeni ya uwanja. Imeanza kuwasumbua nilipoomba kusogea katikati. Nauliza tu: mwanamume akikosa chumba, huondolewa kwenye orodha, au hutafutiwa chumba?"

Mjumbe mmoja aliacha kuandika. Mkuu wangu aliniinamia akaninong'oneza, "Huyu hana wakili. Nani amemfundisha?"

Nikasema, "Sijui."

Ulikuwa mbali, hukusikia. Ningeweza kukuficha. Nakuandikia kwa kuwa ndilo jambo baya kuliko yote niliyofanya, kuliko hata aya yenyewe. Aya niliiandika nikiwa na faili, mshahara na hofu. Lile neno nililitoa bila kulazimishwa na chochote. Uliniagiza nikae kimya; ningeweza kukaa kimya. Nilikukana kwa neno moja, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

Tulipotoka ulipita karibu nami kwenye korido ukasema, "Samahani, naomba kupita, wakili." Nikasogea.

Dada yako

*

Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeshinda, na nimeshindwa. Nakusomea kama ilivyo.

Ukurasa wa kwanza wanasema nimebaguliwa. Wameandika neno lenyewe, bila kupepesa. Ukurasa wa pili wanaamuru niingizwe kwenye orodha ya waamuzi wa kati msimu huu. Taa alikuwa amekaa pembeni yangu, akaniminya bega mpaka nikaumia. Ukurasa wa tatu, wakaona sasa wawafurahishe na wenzako wa shirikisho kidogo: nitapangiwa mechi "katika viwanja vyenye chumba cha heshima kwa mwamuzi wa kike".

Viwanja vya namna hiyo katika ligi nzima ni viwili. Kimoja kinakarabatiwa.

Katibu wa waamuzi amenipigia kunipongeza. "Unaona, mama, subira." Akasema ratiba yangu itakuwa nyepesi, nitapata muda wa kupumzika. Anacheka kabisa.

Nilifikiri nimeijibu ile aya. Wajumbe wamelisikia jibu langu, wakalisifu, kisha wakachukua maneno yako wakayaweka kwenye amri. Si maana tu. Maneno. Chumba cha heshima. Hivi ulikaa ukiyatafuta, au yalikuja tu?

Barua yako ya Aprili nimeisoma. Kuhusu lile "sijui", nilisubiri hasira ije. Nilidhani ningekasirika zaidi. Nilijikuta nakumbuka siku nilipovunja dirisha la jirani kwa mpira, akaja kuuliza nani, ukasema hujui. Siku ile ulikuwa unaniokoa. Sauti ni ileile, nina hakika.

Nimeambiwa naweza kuomba mapitio ya ukurasa wa tatu ndani ya mwezi. Nimeshapeleka ombi. Sasa sema, Dada. Sema yote, na usiseme jinsi unavyojisikia.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Mei

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Usuluhishi wa Michezo

Mheshimiwa,

Mimi ni mwanasheria niliyeandaa utetezi wa shirikisho katika shauri lililoamuliwa mwezi huu. Mlalamikaji ni mdogo wangu, tumbo moja. Sikulitamka hilo kwa mwajiri wangu wala kwa Baraza, na nilikuwa na wajibu wa kulitamka siku faili lilipowekwa mezani kwangu.

Habari ya stoo na shuka, iliyo katika aya ya tisa ya utetezi, sikuipata kwa uchunguzi wala kwa shahidi. Niliambiwa na mlalamikaji kama ndugu, kwa siri, na kama mzaha. Hakulalamikia stoo. Hakuomba chumba. Neno "heshima" katika aya hiyo ni langu, hakulitumia yeye, na hakuna mtu katika ofisi yetu aliyewahi kumuuliza anahitaji nini ili afanye kazi. Kwa misimu yote aliyoshika kibendera, shirikisho lilijua kwamba hana pa kubadilia na halikuona sababu ya kumwondoa.

Masharti ya ukurasa wa tatu wa uamuzi yamejengwa juu ya aya hiyo. Naomba Baraza, linaposikiliza ombi la mapitio, liione kama ilivyo: kitu cha kweli kilichotumiwa kwa lengo lisilo la kweli.

Mlalamikaji hakushiriki katika kosa langu, na hakulijua mpaka alipousoma utetezi. Alipolijua, nilitaka kusimama mbele yenu siku ya shauri, naye aliniomba nisubiri ili haki yake isicheleweshwe kwa ajili yangu. Kutii au kutotii kulikuwa juu yangu. Adhabu ya ukimya huo, kama ipo, ni yangu.

Nakala ya barua hii nimemkabidhi mkuu wa sheria, pamoja na kitambulisho changu cha ofisi. Niko tayari kuitwa.

Dada wa mlalamikaji

*

Tarehe 9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama ameniambia uko nyumbani kwake, unamkandakanda goti na kumkosesha usingizi kwa kutembeatembea. Anasema umekonda. Anasema pia hajui tumegombania nini ila mwenye kosa ni yule asiyekula, kwa hiyo kula.

Baraza limepanga mapitio mwezi ujao. Barua yako imewekwa kwenye faili, na sijui itafanya nini. Huenda watalifuta sharti, huenda watasema dada anamtetea ndugu. Taa anasema ni nusu kwa nusu. Sijakusamehe, nakwambia ukweli. Nikikuta neno "heshima" mahali popote bado nafunga ukurasa. Lakini nimeona hukuandika jinsi unavyojisikia, na najua ilivyokugharimu.

Sasa sikiliza. Jumamosi nilishika kibendera kwenye kile kiwanja cha mtunza wangu. Nimeingia stoo, shuka lipo, msumari upo. Nimemaliza kufunga viatu, nasubiri wenzangu wamalize kikao chao cha kabla ya mechi, ambacho hufanyika chumbani kwao na mimi huwa nakisikia baadaye, kwa vipande, tukiwa tunaelekea uwanjani. Mlango ukagongwa. Ni Taa, siku hiyo ndiye alikuwa mwamuzi wa kati. Akauliza, "Mpangaji, umevaa?" Nikasema nimevaa. Akaingia, na nyuma yake mshika kibendera wa pili, na mwamuzi wa akiba, na kamisaa wa mchezo akiwa ameinamisha kichwa asigonge boriti. Wakajibana kati ya nyavu na mashine ya chaki. Taa akasema, "Haya, kikao." Tukapanga ishara zetu zote mle ndani, kamisaa amekalia ndoo, na tulipotoka kwenda kukagua timu sote watano tulikuwa na chaki matakoni. Yule nahodha akatutazama, safari hii akawapanga wachezaji wake tuwakague.

Hakuna aliyetoa hotuba. Hakuna aliyesema ni kwa ajili yangu. Nilinyanyua kibendera cha kuotea kipindi cha pili, sahihi kabisa, na kocha akanitukana kama anavyomtukana mtu yeyote.

Hili nakuandikia wewe tu, Dada. Usilipeleke popote, hata kama litanisaidia.

Kipenga